Menyu yangu ilivyowapa watoto malaria

Najua nimepotea kwa wiki kadhaa, na wengine mmeniandikia mkiuliza ile makala ya kuhamisha hifadhidata imefikia wapi. Itakuja. Leo nataka kuongea juu ya watoto waliolazwa hospitalini, na juu ya sisi tunaoandika programu za kufuatilia magonjwa yao ya kuambukiza. Nitaanza na kosa langu mwenyewe ili asije mtu akasema namnyooshea kidole mwenzangu.

Miaka michache iliyopita, nikiwa bado mbichi, shahada ya sayansi ya kompyuta mkononi, mimi na wenzangu wawili tulipewa kazi ya kutengeneza programu ya wadi ya watoto katika hospitali moja ya kaunti. Jina lake halitatusaidia kitu hapa. Kazi ilionekana rahisi. Mtoto akilazwa, karani anafungua rekodi. Mtoto akiruhusiwa kwenda nyumbani, karani anachukua faili, anaandika ugonjwa, anabofya "hifadhi". Mwisho wa mwezi programu inajumlisha na kutoa hesabu za kuingizwa kwenye DHIS2, mfumo ambao Kenya imeutumia nchi nzima tangu 2011.

Basi nikatengeneza menyu ya magonjwa. Nikajiona mjanja sana: badala ya kuipanga kwa alfabeti, nikaipanga kwa wingi wa wagonjwa nikitumia rejista ya mwaka uliotangulia. Malaria ikakaa juu kabisa. Kisha nikafanya jambo ambalo hata leo nikilikumbuka usiku najigeuza kitandani. Nikaiacha malaria iwe imeshachaguliwa menyu inapofunguka. Nilitaka kumpunguzia karani mbofyo mmoja!

Karani alikuwa peke yake, na faili zilikuwa rundo. Akikuta faili yenye mwandiko usiosomeka, au iliyoandikwa "homa" tu, au yenye magonjwa matatu yaliyofuatana bila kusema lipi ndilo lililomlaza mtoto, alibofya "hifadhi" na kuendelea na nyingine. Simlaumu hata kidogo. Programu ilikuwa imeshamjibia.

Miezi mitatu baadaye grafu yetu ilikuwa inapendeza. Tuliipeleka wadini kwa majivuno. Sista msimamizi akaitazama, akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza, "Kijana wangu, hii malaria yako imelazwa wadi gani? Mimi hapa nina nimonia, na nina watoto wa kuharisha."

Nikamjibu, "Sista, kompyuta inahesabu kilichoandikwa tu."

Jibu la kipumbavu, maana aliyekiandika kile kilichohesabiwa ni mimi. Tulipokaa na karani tukafungua faili za wiki moja, moja baada ya nyingine, tulikuta malaria kwenye kompyuta na kwenye karatasi hakuna hata alama kwamba damu ya mtoto ilipimwa.

Kuondoa ule uchaguzi wa awali kulinichukua dakika mbili. Lakini nimekuwa nikifikiri tangu siku hiyo, na msimamo wangu ni kwamba tatizo kubwa lilikuwa ile safu yenyewe. Safu moja kwenye jedwali, inayoitwa "ugonjwa", inayokubali neno moja. Nimeiona kwenye programu nyingi za hospitali, za hapa kwetu na za kutoka ng'ambo, za bure na za mamilioni. Kwa mtoto mwenye ugonjwa wa kuambukiza safu hiyo ni uongo, hata karani awe malaika.

Fikiria mtoto wa mwaka mmoja na nusu anayeletwa saa nane usiku. Ana homa, anapumua haraka, hataki kunyonya. Inaweza kuwa malaria. Inaweza kuwa nimonia. Inaweza kuwa bakteria wameingia kwenye damu. Inaweza kuwa mawili kwa pamoja, na hilo si jambo la nadra: utafiti wa Kilifi uliochapishwa 2011 ulionyesha kwamba malaria yenyewe huwafungulia bakteria njia ya kuingia kwenye damu ya mtoto. Kile kipimo cha haraka cha malaria, cha tone la damu na mstari, kinatafuta protini ya kimelea, na protini hiyo hubaki kwenye damu kwa wiki kadhaa baada ya mtoto kupona. Kwa hiyo mstari ukitokea unaweza kuwa unakuambia habari za mwezi jana. Daktari anajua haya yote. Anaandika analolishuku, anaanza dawa, anangoja. Kesho yake anabadilisha mawazo. Siku ya tatu maabara inaleta jambo jipya. Sasa wewe mwandishi wa programu unamwambia aweke neno moja!

Wenzetu wa Tanzania walilipima jambo hili kitambo. Katika utafiti uliochapishwa 2004 kutoka hospitali 10 za kaskazini mashariki ya nchi hiyo, wagonjwa 4,474, watoto kwa watu wazima, walitibiwa malaria kali. Damu zao zilipokaguliwa upya kwa uangalifu, ni asilimia 46 tu waliokutwa na vimelea. Na walikufa zaidi wale ambao hawakuwa na malaria: asilimia 12, dhidi ya asilimia 7 ya wale waliokuwa nayo kweli. Soma tena hiyo sentensi. Wote hawa walikuwa wametibiwa kama wagonjwa wa malaria.

Sasa linganisha na Kilifi. Pale kuna kituo cha utafiti cha KEMRI-Wellcome Trust kilichoanza 1989 pembeni ya hospitali ya wilaya, ambayo leo ni ya kaunti. Kuanzia Agosti 1998 hadi Julai 2002 watafiti walichukua damu ya karibu kila mtoto aliyelazwa na kuotesha bakteria, hata kama daktari hakuwashuku. Walikuta watoto 1,094 wenye bakteria kwenye damu, na kati yao 308 walikufa. Kati ya vifo vyote vya watoto ambao damu yao ilioteshwa, asilimia 26 vilikuwa vya watoto wenye bakteria. Robo nzima ya vifo! Bila maabara ile, wengi wao wangeandikwa "malaria" au "nimonia" na mambo yakaishia hapo.

Tena hawakuishia kwenye maabara. Mwaka 2000 walianza sensa ya kudumu katika eneo la kilomita za mraba 891 linalozunguka hospitali, na mtoto akilazwa anatafutwa kwenye sensa hapohapo, mama yake akiwa amesimama mbele ya karani. Hilo limewapa kitu ambacho hospitali peke yake haiwezi kuwa nacho: wanajua watoto wangapi wako nje, kwa hiyo wanaweza kusema ugonjwa umepungua au watu wameacha tu kuja. Chanjo ya kuzuia bakteria aitwaye Hib ilipoanza kutolewa Kenya mwishoni mwa 2001, waliweza kuonyesha kwamba ugonjwa huo kwa watoto wa chini ya miaka 5 ulishuka kutoka 66 kwa kila watoto 100,000 kwa mwaka hadi 7.6. Chanjo ya nimokokasi ilipofuata Januari 2011, aina za ugonjwa zinazolengwa na chanjo zikashuka kwa asilimia 92. Serikali hununua chanjo kwa ushahidi kama huu, na ushahidi huu ulitokana na kuunganisha majedwali matatu: mtoto, kitanda, chupa ya damu. Mwanafunzi wa mwaka wa pili anaweza kuandika hiyo amri ya kuunganisha. Ugumu ni kuhakikisha kwamba namba ya mtoto ni ileile katika majedwali yote matatu.

Utaniambia Kilifi wana pesa za utafiti. Kweli, wanazo. Hospitali nyingi za kaunti haziwezi kuotesha damu ya kila mtoto, na sidai hivyo. Ninalodai ni kwamba hata kile kidogo kinachopimwa tunakipoteza, na tunakipoteza kwa sababu ya programu. Nitawapa mfano, na huu ndio ulionifanya niandike leo.

Katika hospitali ileile, baadaye kidogo, nilikuwa natafuta data ya kujaribia sehemu mpya ya programu. Fundi wa maabara, mtu mwema, akaniazima daftari lake. Sampuli za damu zilikuwa zinapelekwa maabara nyingine kuoteshwa, na majibu yalirudi kwa simu au kwa picha ya karatasi. Yeye aliyanakili kwenye daftari kwa namba ya sampuli. Nikaanza kuyaingiza. Nikakuta Klebsiella. Kurasa mbili mbele, Klebsiella tena, na orodha ileile ya dawa ambazo haimdhuru. Kisha ya tatu. Yote ndani ya wiki mbili.

Nikaenda kwenye rejista ya wadi kutafuta watoto hao. Ilinichukua mchana mzima, kwa sababu daftari la maabara lilikuwa na namba ya sampuli na jina, na majina yenyewe yalikuwa "Mtoto wa Mary", "Baby Achieng", na moja lililosomeka nusu. Wote watatu walikuwa wamelala chumba kimoja, vitanda vinavyokaribiana. Wa kwanza alifariki siku mbili kabla jibu lake halijafika. Jibu lisingemwokoa yeye, na sitajifanya kwamba programu ingemwokoa. Lakini jibu lile lilikuwa na habari ya vitanda vilivyobaki: kuna kitu humu chumbani, na dawa mnayowapa hawa haikiui. Lilikaa kwenye daftari. Mtoto wa pili alikwenda nyumbani. Wa tatu hakwenda.

Hakuna aliyekosea. Sista alikuwa na rejista ya vitanda, fundi alikuwa na daftari la sampuli, mimi nilikuwa na safu yangu ya "ugonjwa", ambamo wote watatu walikuwa wameandikwa "nimonia".

Watafiti wa Kilifi wameyapima pia maambukizi ya aina hii. Katika ripoti yao ya 2011, watoto waliopata bakteria kwenye damu wakiwa tayari wamelazwa walikufa kwa asilimia 53. Waliokuja nao kutoka nyumbani, asilimia 24. Wasiokuwa nao, asilimia 6. Na unajuaje kama mtoto alikuja na bakteria au aliwapata wadini? Kwa saa. Kanuni inayotumika sana ni saa 48: damu iliyochukuliwa baada ya hapo ikiota bakteria, wadi inashukiwa. Sasa nenda kaangalie programu ya hospitali iliyo karibu nawe. Saa ya kulazwa ipo? Mara nyingi ipo tarehe tu. Saa ya damu kuchukuliwa? Utakuta saa ambayo karani aliingiza jibu kwenye kompyuta, ambayo inaweza kuwa wiki moja baadaye. Kompyuta inaweka saa yake yenyewe bila kuulizwa, nasi tunaiamini kwa sababu ina sekunde.

Kwa hiyo wenzangu wa fani, hiki ndicho ninachopendekeza, na si kigumu. Vunjeni ile safu. Tengenezeni jedwali la shaka: mtoto, ugonjwa unaoshukiwa, nani ameshuku, saa ngapi. Jedwali la vipimo: mtoto, sampuli, imechukuliwa saa ngapi, kitanda gani. Jedwali la majibu: sampuli, kilichoonekana, dawa zinazokiua na zisizokiua, limefika saa ngapi, limesomwa na nani. Mstari mpya ukija usifute wa zamani. Daktari akibadilisha mawazo, ongeza mstari. "Haijulikani" liwe jibu halali, na lisifichwe chini kabisa kama adhabu. Na jibu la maabara likifika lirudi kitandani, kwenye skrini ya sista, kabla halijaingia kwenye ripoti yoyote.

Hili la mwisho ndilo tunaloshindwa, na sababu ni kwamba anayelipia programu ni mtu wa ripoti. Tunajenga mabomba ya kupeleka namba juu. Fomu ya MOH 505 inakwenda kila wiki, za mwezi zinakwenda kila mwezi, na ni kazi muhimu, maana surua au kipindupindu kikizuka lazima Nairobi ijue. Lakini hakuna bomba la kurudi. Hata mtandao wa taarifa za kitabibu ulioanzishwa 2013 na Wizara ya Afya, Chama cha Madaktari wa Watoto cha Kenya, Chuo Kikuu cha Nairobi na hao wa KEMRI-Wellcome, ambao mimi nauheshimu sana (fomu moja ya kumlaza mtoto kwa hospitali zote, REDCap ya kuingizia, R ya kukagua makosa kila siku), huingiza faili baada ya mtoto kutoka wadini. Umeboresha sana uandishi wa faili. Kwa mtoto aliyelala kitandani leo, bado ni historia.

Niseme kidogo juu ya majina, maana najua kuna atakayesema "tumia algorithimu ya kulinganisha majina". Nimejaribu. Soundex ilitengenezwa kwa majina ya Wazungu. Inatenganisha Otieno na Atieno kwa sababu tu herufi ya kwanza ni tofauti, na hapo inapatia kwa bahati. Ukihesabu tofauti ya herufi, Wanjiku na Wanjiru wanakuwa karibu mtu mmoja. Pwani nako mtoto huitwa jina la babu, kwa hiyo una Kahindi Karisa na Karisa Kahindi katika boma moja, baba na mwanawe. Na mtoto wa siku tatu hana jina kabisa. Funga ukanda wenye namba kwenye mkono wa mtoto mlangoni, bandika namba hiyohiyo kwenye chupa ya damu. Stika ni bei rahisi kuliko seva zako. Na kwa kuwa Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inamtambua mtoto na inadai idhini ya mzazi, namba ni bora kuliko kubandika majina kwenye skrini ya ukutani ambayo kila mgeni wa wadi anaisoma.

Akili unde? Ndiyo, nimepigiwa simu na watu wawili mwezi huu wanaotaka kufundisha modeli itambue magonjwa ya watoto kutokana na rekodi za hospitali. Niliwauliza watafundishia safu gani. Wakasema safu ya ugonjwa. Jamani! Modeli hiyo itajifunza menyu yangu. Itajifunza uchovu wa karani saa kumi jioni, kisha itamwambia daktari kwa uhakika wa asilimia tisini na kitu kwamba mtoto ana malaria.

Pingamizi ninaloliogopa zaidi ni la yule sista. Nilipomwonyesha michoro ya majedwali mapya aliniambia, "Mwanangu, usiku niko mimi na mwanafunzi mmoja kwa wadi nzima. Hizo saa unazotaka niandike, nitaziandika nikiwa nimeacha dripu ya nani?" Sina jibu kamili. Nusu ya jibu ni kwamba asiandike yeye: chupa ikiwa na stika, kuisoma kwa simu mara moja inapochukuliwa na mara moja inapofika maabara kunatoa saa mbili bila kalamu. Nusu nyingine sijaipata, na programu itakayomwongezea kazi ataiacha, na atakuwa sahihi.

Ile menyu tulishaibadilisha. Hakuna kinachochaguliwa mapema, na "haijulikani" iko juu. Mwezi wa kwanza "haijulikani" ilipanda sana, nikapigiwa simu nikaulizwa kama ninaweza kuiondoa kwenye ripoti kwa sababu inaonyesha vibaya. Nilikataa, na mazungumzo hayo bado yanaendelea. Jumamosi hii nitakuwa wadini kuanzia saa moja asubuhi na daftari na saa ya mkononi. Nitaifuata chupa moja ya damu kutoka mkono wa mtoto hadi maabara, na jibu lake hadi litakaporudi, niandike inasimama wapi na kwa muda gani. Sista amesema nije na viatu vya kusimamia.